Mwanangu anasema kuku ni dinosaria. Ni kweli? Nitamwonyesha nini?

MamaWaKondele

Hamjambo wanajukwaa. Mimi huuza kuku hapa Kondele, Kisumu, mwaka wa tisa sasa. Nawanunua soko la Kibuye, nachinja, nanyonyoa, nakata, napika. Siku ya kawaida hupita mikononi mwangu kuku wanane au kumi, Jumapili hata ishirini. Nayasema haya ili mjue kwamba mwili wa kuku naufahamu. Nipe kisu gizani, nitakutolea firigisi bila kupasua nyongo.

Juzi mwanangu wa Gredi ya 7 alikuwa ananisaidia kunyonyoa baada ya shule. Akaushika mguu wa jogoo, akauvuta ule mshipa wa nyuma kucha zikajikunja, akaniambia, "Mama, huyu ni dinosaria." Nikamwambia aache mchezo, maji yanapoa. Akasema hachezi, amesoma kwenye kitabu alichoazimwa na rafiki yake. Kwamba kuku hafanani tu na dinosaria, ni dinosaria mwenyewe. Na ndege wote vilevile, hata hawa kwarara wanaotuamsha alfajiri kwa kelele.

Kumbe alikuwa ameshalisema darasani. Mwalimu akamwambia asilete mambo ya katuni, wenzake wakacheka, na sasa hilo ndilo jina lake uwanjani. Haya yote alinieleza akiwa ameinamia beseni, hanitazami. Nikaona anangoja nimwambie kwamba yeye si mjinga.

Sikuwa na jibu. Mimi niliishia Kidato cha Pili. Dinosaria ninaowajua ni wa kwenye televisheni, wakubwa kama nyumba ya ghorofa, na ngozi kama ya mamba. Sasa huyo na kuku wangu wa kilo moja na nusu wanakutania wapi?

Naomba anayejua aniambie kama ni kweli, na walijuaje, maana hakuna aliyekuwapo. Tena, kama kipo kitu ninachoweza kumwonyesha kwenye kuku aliye mezani, nielekezeni. Picha za simu ameziona. Nataka aone kwa mkono wake, na mimi nione.

MstaafuShinyalu

Mama, mwanao amesema kweli. Mwambie leo kabla hajalala, na mengine utamweleza kesho.

Nilifundisha biolojia miaka 31, mingi yake huku Kakamega. Kila nilipofika mada ya ndege nilinunua kuku mmoja kwa pesa yangu, kwa sababu nilijua mtoto atasahau ubao lakini hatasahau mfupa alioushika. Wewe kuku unao kila siku. Keti na kijana, chukueni mmoja.

Anzeni na ule mfupa ulio mbele ya kidari, wenye umbo la panda ya manati. Mpapase mwanao chini ya shingo, kulia na kushoto: ile ni mitulinga yake. Kwa kuku mitulinga hiyo miwili imeungana ikawa mfupa mmoja, ndiyo hiyo panda. Mfupa huu mdogo uliwapoteza njia wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka 1926 Mdenmaki mmoja, Gerhard Heilmann, aliandika kitabu kikubwa juu ya asili ya ndege. Alipima kiungo baada ya kiungo akaona dinosaria wala nyama wanafanana na ndege kuliko mnyama mwingine yeyote. Alipofika kwenye mtulinga akakwama. Dinosaria hawana, alisema, na kiungo kilichokwisha kupotea hakiwezi kurudi, kwa hiyo ndege walitoka kwingine. Wengi wakamwamini. Kumbe mfupa wenyewe ulikuwa umeshachimbuliwa Mongolia mwaka 1923, ukadhaniwa ni mfupa mwingine. Ni mwembamba, huvunjika, huchukuliwa na maji. Leo panda hiyo imeonekana kwa dinosaria wengi wala nyama, hata kwa yule Tyrannosaurus wa kwenye televisheni yako.

Sasa bawa. Lishike likiwa limenyonyolewa, likunjue, kisha ulikunje polepole, na umwambie mtoto atazame kiganja kinakoelekea. Mkono wako hukunjika vizuri kiganja kikija ndani. Bawa halifanyi hivyo. Kiganja chake huenda kando, upande wa kidole cha mwisho, kikajilaza sambamba na mkono kama kisu cha kukunja. Rudia mara tatu nne mpaka aone. Kisha mweleze kwamba mwaka 1964 mtafiti John Ostrom na wenzake walipata huko Montana, Marekani, mifupa ya dinosaria ambaye Ostrom alimwita Deinonychus. Ana urefu wa mita tatu hivi, ukucha wa mguu kama mundu, mkia mrefu wa mfupa. Hakuruka hata siku moja. Lakini kwenye kifundo cha mkono wake kulikuwa na kifupa chenye umbo la nusu mwezi, na kifupa hicho kiliufanya mkono ukunjike kando, vilevile kama bawa la kuku wako. Yaani ule mkunjo ndege anaoutumia kurukia ulikuwapo kwa mnyama asiyejua kuruka.

Hili ndilo ningependa kijana alishike. Karibu kila kitu tunachokiita cha ndege kilianza kwa sababu nyingine, mbali na kuruka, kwa wanyama waliokimbia ardhini.

Ukifungua kuku, vunja mfupa wa bawa ulio karibu na bega, kisha uvunje wa mguu. Wa mguu una uboho. Wa bawa, ule wa juu, ni mtupu. Ndani mna hewa, na karibu na bega utaona tundu inamoingilia. Hewa hiyo hutoka kwenye vifuko vilivyoungana na mapafu. Mifupa yenye matundu ya namna hii wanayo dinosaria wala nyama, hasa ya uti wa mgongo. Na ule mfupa kama sindano ulio ubavuni mwa mguu, unaowachoma wateja wako ufizi, ni mfupa mzima uliosinyaa. Kwa dinosaria ulishuka hadi kwenye kifundo.

Firigisi sina haja ya kukueleza. Changarawe unazozikuta mle ndani ndizo meno ya kuku. Huko Uchina kuna kisukuku, yaani mabaki ya kale ndani ya jiwe, cha Caudipteryx, dinosaria mwenye kimo cha bata mzinga, na changarawe zake bado zimerundikana pale tumboni, miaka milioni 125 baadaye. Siku nilipoiona picha ile nilifunga kitabu nikatoka nje nikakaa chini ya mparachichi.

Umeuliza walijuaje. Kwa visukuku. Mnyama hufa, hufunikwa na tope au majivu kabla hajaoza wala kuliwa, na miaka inavyopita mifupa hugeuka mawe. Huko Solnhofen, Ujerumani, kuna mawe ya chokaa laini sana yaliyokuwa yakichimbwa kwa kazi ya kupiga chapa. Mwaka 1861 ulipatikana humo unyoya mmoja, kisha mnyama karibu mzima. Wakamwita Archaeopteryx. Manyoya ya bawa yamejichora kwenye jiwe unyuzi kwa unyuzi. Lakini kinywani ana meno, mikononi ana vidole vitatu vyenye kucha, na nyuma ana mkia wa mfupa wenye pingili zaidi ya 20. Ana miaka milioni 150. Mwili wake ukiondoa manyoya ni wa dinosaria mdogo. Na si rahisi kumtambua: jamaa yake mmoja, ambaye siku hizi ana jina lake mwenyewe, Ostromia, alikaa miaka mingi kwenye makumbusho ya Haarlem, Uholanzi, akiwa na lebo ya mnyama mwingine kabisa, mpaka Ostrom huyohuyo alipomtambua mwaka 1970 akamhesabu kuwa Archaeopteryx, alipoinamisha jiwe kwenye mwanga na kuona alama hafifu za manyoya.

Kilichomaliza ubishi kwa wengi kilikuja mwaka 1996. Mkulima wa Liaoning, Uchina, alipasua jiwe akakuta dinosaria wa urefu usiofika mita moja, na kuanzia kichwani hadi mkiani ana msitari wa vinyweleo. Sinosauropteryx. Vinyweleo vile havikuwa vya kurukia; vilifanana na malaika ya kifaranga wa siku mbili, na yaelekea kazi yake ilikuwa joto. Mwaka 2010 walichunguza kwa hadubini chembe za rangi zilizobaki humo wakakuta mkia ulikuwa na pete za rangi ya kutu na nyeupe. Tafakari hilo, Mama. Tunajua rangi ya mkia wake.

Nisiache hili la mayai, kwa vile wewe unajua kuku anayeatamia. Mwaka huo wa 1923, huko Mongolia, walimkuta dinosaria juu ya kiota. Wakasema alikuwa anaiba mayai ya mwingine, wakampa jina la Oviraptor, mnyakuzi wa mayai. Miaka 70 baadaye yai la aina ileile likakutwa na mtoto ndani, na mtoto ni wa ukoo wake mwenyewe. Kisha wakapata jamaa yake amelalia kiota, miguu ameikunja, mikono ameitandaza juu ya mayai kulia na kushoto. Mchanga ulimfunika akiwa hapohapo. Alikuwa mama, au baba, na kwa miaka yote hiyo waliitwa wezi.

Kazi ya mwisho nawaachia nyinyi. Kwenye bawa lililonyonyolewa kuna kidole gumba, kile kinachosimama peke yake kwenye kona. Papaseni ncha yake kwa ukucha wa kidole. Kuku wengine bado wana ukucha pale. Si wote, na ni mdogo sana, unatoka kirahisi pamoja na manyoya. Vifaranga vya shorobo wa msitu wetu wa Kakamega nao huzaliwa na kucha kwenye bawa, na mbuni huwa nazo maisha yake yote. Tafuteni.

FundiNakuru

Mwalimu, nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu, ila kuna jambo halijanikaa. Huyo wa Ujerumani ana miaka milioni 150. Hao wa Uchina wenye manyoya wana 125. Mtoto amemtangulia baba? Halafu naikumbuka habari ya kisukuku cha Uchina kilichogunduliwa kuwa cha kubandika kwa gundi. Nikishajua kimoja ni cha uongo, vingine nivipime kwa nini?

MstaafuShinyalu

Ndugu Fundi, umeuliza vizuri.

La kwanza, hao wa milioni 125 si baba zake, ni binamu waliobaki. Huku kwetu si ajabu mtu mwenye watoto wanne kuwa na baba mdogo anayesoma Gredi ya 4, na anamwamkia kwa heshima zote. Ukoo hauendi kwa foleni. Hata hivyo wazee wenyewe wamepatikana baadaye. Anchiornis, aliyetangazwa mwaka 2009, naye ni wa Liaoning lakini ametoka kwenye miamba ya chini zaidi, ya miaka takriban milioni 160, na ana manyoya marefu mikononi na miguuni.

La pili ni kweli tupu. Mwaka 1999 jarida la National Geographic lilimtangaza Archaeoraptor, mwenye kifua cha ndege na mkia wa dinosaria. Jiwe lilikuwa limetoroshwa Uchina likauzwa Marekani. Walioufichua uongo ule ni watafiti wenyewe. Kisukuku cha namna hii hupasuka vipande viwili kama karanga, kila upande na alama yake. Xu Xing, mtafiti wa Beijing, alipata upande wa pili wa ule mkia, na kumbe ulikuwa kwenye mwili mwingine. Mwenye mkia ni Microraptor, mnyama wa kweli, ambaye baadaye vilipatikana visukuku vyake vingi: mabawa mawili mikononi, mawili miguuni, na rangi nyeusi ya kung'aa kama ya kwezi. Aliyebandika alikuwa anatafuta pesa tu, hakujua mkia ule peke yake una thamani gani.

Ukiniuliza nipime kwa nini, nitakuambia hivyo hivyo walivyopima wao: tafuta upande wa pili wa jiwe.

NyarRusinga

Mama wa Kondele, mimi ni mtoto wa kisiwa cha Rusinga na nimefanya kazi misimu mitatu na watafiti wa visukuku kule Hiwegi, ya kutembea mlimani baada ya mvua nikiokota, na kuchekecha udongo. Naandika kwa sababu najua kitakachofuata: kijana ataomba aletwe huku kutafuta dinosaria. Mlete, nitafurahi, lakini ajue mapema kwamba hatampata.

Mawe yetu ni ya miaka kama milioni 18. Lile fuvu mashuhuri la nyani-mtu wa kale aliloliona mtafiti Mary Leakey mwaka 1948, likaitwa la Proconsul (siku hizi Ekembo), ni la wakati huo. Dinosaria wakubwa walikwisha miaka milioni 66 iliyopita, kimondo kilipopiga pale Mexico. Kwa hiyo kabla majivu ya volkano ya Kisingiri hayajaifunika Rusinga, walikuwa wameshapotea miaka milioni 48. Waliovuka ni ndege peke yao, na ndio waliotufikia.

Kitu atakachokiona huku ni jinsi majivu yanavyotunza. Nimeshika mbegu ya tunda iliyogeuka jiwe, na mikunjo yake yote. Wapo hata wadudu. Ndivyo ilivyokuwa Liaoning, majivu na tope la ziwa, ndiyo maana unyoya ukabaki. Na nitamfundisha tulichofundishwa siku ya kwanza: ukiokota kitu usijue ni jiwe au mfupa, kiguse kwa ncha ya ulimi. Mfupa wa kale hunata, maana una vitundu. Jiwe halinati ulimini.

Dinosaria wa Kenya wapo, lakini ni kule Turkana, magharibi mwa ziwa upande wa kaskazini. Na wa jirani ni wa ajabu zaidi. Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, na waliochimba hasa walikuwa watu wa kule, mamia kwa mamia, wakiibeba mifupa kichwani siku kadhaa hadi pwani. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii, na mimi kila nikichekecha udongo humkumbuka. Mifupa iliyotoka pale iliunganishwa Berlin, na Giraffatitan amesimama leo kwenye makumbusho ya huko akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Kwenye nyumba hiyohiyo ndimo alimo Archaeopteryx, mdogo kama kunguru, ndani ya jiwe lake. Waliishi zama zilezile. Wa kwetu yule mkubwa hana mjukuu hata mmoja leo. Ukoo wa yule mdogo ndio uko Kibuye ndani ya matenga.

MamaWaKondele

Mwalimu, Nyar Rusinga, na wewe Fundi, asanteni. Nilimwambia usiku uleule. Hakusema kitu, aliuliza tu kama anaweza kuisoma simu yangu mwenyewe, akasoma hadi chaji ikaisha.

Jumamosi tulifunga kazi mapema tukakaa na kuku. Panda tuliitoa nzima. Bawa tulilikunja na kulikunjua mpaka jirani akauliza kama tuna wazimu. Mwalimu, miaka tisa nimelikunja bawa kulipanga kwenye sufuria na sikuwahi kuona kwamba linakwenda kando. Mfupa wa bega nikauvunja, mtupu kweli, nikapuliza.

Ukucha ulitusumbua. Kuku wa kwanza hakuna. Wa pili hakuna. Wa tatu nilidhani nimeupata, kumbe ni kishina cha unyoya. Jumapili nikawa na kuku ishirini na mbili, na kila mmoja niliyemtoa kwenye maji ya moto nilimpa bawa kwanza yeye. Nilibadili namna ya kunyonyoa, ile kona sikuivuta, nilimwachia aichambue polepole kwa vidole. Kwenye jike mmoja mwekundu, mzee kidogo, akasimama. Hakupiga kelele. Akanishika mkono akaniwekea kidole changu pale.

Ni mdogo kama punje ya mchele iliyovunjika, mgumu, umepinda, na una ncha. Nilipousukuma ulinikwaruza.

Tumeuchuna na kile kidole chake gumba, tukachemsha kidogo kama unavyofanya maabara nadhani, sasa umo ndani ya kiberiti pamoja na ile panda. Hajaupeleka shule bado. Anasema kwanza anataka wa bawa la kushoto, na kwa yule jike kushoto hatukuuona, sijui haukuwapo au niliuvuta nikiwa sijakumbuka. Mwalimu, huwa zinatoka pande zote mbili? Na Nyar Rusinga, akifunga shule Agosti tukija, tunashukia Mbita tukuulizie wapi?